Dawa ya fangasi ukeni: kabla ya kununua boksi la tatu

Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, naishi Ngamiani hapa Tanga, na kazi yangu ni kushona magauni na madera. Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu kulizungumza mbele ya watu, na wale wachache niliowaeleza kila mmoja amenipa dawa yake.

Miezi michache iliyopita niliumwa jino, nikapewa antibaiotiki. Jino lilipopoa nikaanza kuwashwa ukeni, muwasho mkali hasa nyakati za usiku, huku nikitokwa na uchafu mweupe, mzito, usio na harufu. Nilikwenda duka la dawa, muuzaji akaniuliza kwa sauti mbele ya wateja wengine nasumbuliwa na nini, nikaona haya, nikajibu kwa mkato kwamba ni fangasi. Alinipa boksi la klotrimazoli lenye vidonge sita vya kuweka ukeni, niweke kimoja kila usiku. Muwasho ulitulia mapema, hivyo nikaacha na vilivyobaki nikaviweka akiba. Hali iliporudi nikavitumia vile vya akiba, kisha nikanunua boksi la pili, lakini safari hii sikuona nafuu ya maana. Sasa uchafu umekuwa mwepesi, wa rangi ya kijivu, na kila nikishakutana na mume wangu hutoka shombo ya samaki inayonifanya nikimbilie bafuni kujiosha hadi ndani.

Jirani ameniambia nitumie shabu ili nikauke, na kama haikufaa niweke punje ya kitunguu swaumu. Rafiki yangu mwingine amenipa kidonge kimoja cha kumeza, flukonazoli, akasema hicho kinamaliza kila kitu kwa siku moja. Mume wangu naye ananiuliza maradhi haya nimeyatoa wapi, na kusema kweli na mimi nimeanza kujiuliza kama si yeye aliyeyaleta. Hedhi yangu imechelewa, ingawa si mara ya kwanza kuchelewa. Tena Ramadhani inakaribia, na nisingependa funga yangu iingie dosari kwa ajili ya dawa.

Naomba unieleze, mama: niliuziwa dawa bandia? Nikimeze hicho kidonge? Na mume wangu, je, atibiwe pia?

Mshonaji, Ngamiani

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kidonge ulichopewa na rafiki yako usikimeze kwa sasa. Naanza na hilo kwa sababu umelitaja jambo moja kwa haraka, nalo ndilo lililonishtua kuliko yote: hedhi yako imechelewa. Flukonazoli ya miligramu 150 ni dawa nzuri ya fangasi kwa mwanamke asiye na ujauzito, na humezwa mara moja tu, lakini kwa mjamzito haifai. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanawake walioimeza wakiwa wajawazito waliharibikiwa na mimba mara nyingi zaidi kuliko wale ambao hawakuimeza, na tangu hapo tahadhari imezidi kukazwa. Isitoshe, dawa hiyo hugongana na dawa nyingine kadhaa, zikiwamo baadhi za kuzuia damu kuganda na za moyo, ndiyo maana inatakiwa iandikwe na mtu aliyekuuliza kwanza unatumia nini na una hali gani. Nunua kipimo cha mkojo cha ujauzito au upimwe kituoni kabla ya dawa nyingine yoyote.

Tuje kwenye boksi lako la kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni sababu ya kuidhania dawa ile kuwa bandia. Muwasho mkali, uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, usio na harufu, tena baada ya kutumia antibaiotiki: hizo ni dalili zinazoelekea kwenye fangasi hasa. Katika uke wenye afya wamo bakteria wema wanaotengeneza tindikali na kuwazuia wengine wasistawi, na fangasi aina ya Candida naye anaweza kuwamo kwa uchache bila ya kumsumbua mwenyewe. Antibaiotiki ya jino haichagui. Inapoua vijidudu vya kwenye fizi huwaua na hao walinzi, na fangasi akapata nafasi ya kuzaliana. Ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa na upungufu wa kinga ya mwili navyo humfungulia mlango. Inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya 4 hupata fangasi ukeni angalau mara moja maishani, kwa hiyo mwanamke anayepata maradhi haya hana sababu ya kujiona mchafu wala mwenye kasoro.

Klotrimazoli humzuia fangasi asitengeneze utando unaozunguka seli zake, zikaanza kuvuja na hatimaye kufa. Kazi hiyo inahitaji siku. Muwasho hupungua fangasi wengi wanapokufa, lakini waliobaki bado wako hai kwenye mikunjo ya uke, na mwanamke anapoacha dawa kwa sababu amepata usingizi usiku mmoja, waliobaki huzaliana upya. Hapo ndipo dozi yako ilipovunjika. Katika wanawake wenye fangasi kweli na wanaomaliza dawa za jamii hii, asilimia 80 hadi 90 hupona, na neno la kushikilia katika hesabu hiyo ni kumaliza. Vidonge vya miligramu 100 huwekwa kwa siku 6 au 7, vya miligramu 200 kwa siku 3, na cha miligramu 500 huwekwa mara moja tu. Hizo ni njia mbalimbali za kumfikisha mgonjwa mahali pamoja, kwa hiyo mwenye vidonge sita asiseme kwamba kwa vile mwenzake alipona kwa kimoja na yeye kimoja kitamtosha. Nistatini, ambayo ni dawa ya siku nyingi zaidi, kwa kawaida huhitaji hata usiku 14. Dawa hiyo iligunduliwa na wanawake wawili wa New York, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950, na nikikumbuka hilo huniuma kuona kwamba leo mwanamke bado anaulizwa habari za uke wake kwa sauti dirishani, mbele ya foleni, mpaka anashindwa kueleza dalili zake. Una haki ya kumwambia muuzaji, kwa adabu, kwamba ungependa kuzungumza naye pembeni.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua yako. Ulichonacho leo huenda si kile ulichokuwa nacho mwanzo. Uchafu mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, inayozidi baada ya tendo la ndoa, si sura ya kawaida ya fangasi. Hiyo huonyesha zaidi kwamba uwiano wa bakteria ukeni umevurugika, bakteria wema wamepungua na wengine wamejaa, na hali hiyo hutibiwa kwa dawa za bakteria kama metronidazoli zinazoandikwa na mtoa huduma. Klotrimazoli haiwezi kuiponya, hata ukinunua maboksi kumi. Kuna na maradhi ya tatu, trikomona, yenye uchafu wa kijani au wa njano, mara nyingine wenye povu, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Hayo huambukizwa kwa kujamiiana, na dawa yake ni lazima wameze wote wawili. Na lipo jambo linalowachanganya hata waganga wazoefu: mwanamke mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana siamini sana uchunguzi wa kujifanyia mwenyewe, na siko peke yangu. Mwaka 2002 ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi wa wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa za fangasi ukeni wakiamini kuwa wanajua wanachougua. Walipopimwa, takriban theluthi moja tu ndio waliokutwa na fangasi peke yake. Waliobaki wengi wao walikuwa na tatizo la bakteria, au mchanganyiko, au jambo jingine kabisa. Wale walikuwa na vipeperushi vya maelezo ndani ya kila boksi, tena kwa lugha yao. Sisi huku aghalabu tunauziwa kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, kisicho na jina la dawa wala tarehe.

Kwa hiyo, mwanangu, boksi la tatu usilinunue. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Kipimo chenyewe si cha kutisha: mtoa huduma huchukua ute kidogo ukeni kwa pamba safi, ukapimwa kiwango cha tindikali kwa karatasi maalumu na kuangaliwa kwa hadubini. Kwa mwenye fangasi tupu tindikali kwa kawaida hubaki katika hali yake, ilhali kwa mwenye tatizo la bakteria hupungua. Omba pia upimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Usisononeke nikisema hivyo, sina ninachokushuku. Fangasi anaporudi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, mganga makini hutafuta kilicho nyuma yake, na mara nyingine hupeleka ute maabara kuoteshwa, kwani ziko aina za Candida zisizoisikia sana klotrimazoli wala flukonazoli, na matibabu yake huwa ya muda mrefu zaidi. Wakiona haja ya kukupeleka mbele watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo.

Iwapo itathibitika kwamba fangasi bado wapo, nawe una ujauzito, tiba yako itakuwa hizi hizi dawa za kuweka ukeni, kwa kawaida kwa siku 7. Kidonge kisukume taratibu kwa kidole safi, na kile kijiti cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi usikitumie mpaka umuulize mkunga. Kama huna ujauzito unaweza kukitumia. Kwa hali zote mbili, osha mikono, lala chali ukiwa umekunja magoti, kisha kiingize kidonge mbali kadiri kidole kinavyofika bila ya kujiumiza. Fanya hivyo wakati wa kulala, si asubuhi kabla ya kwenda kukaa kwenye cherehani, kwa sababu ukisimama na kutembea dawa hushuka na kutoka kabla ya kuyeyuka. Ukikuta unga mweupe kwenye chupi asubuhi usidhani kwamba dawa imekataa. Ni mabaki yake, na pedi nyepesi inatosha kukustiri. Joto dogo au mchomo kidogo siku ya kwanza huwapata baadhi ya watu, lakini ukivimba, ukatoka vipele au mchomo ukazidi, acha dawa urudi kituoni. Usianze dozi ukiwa hedhini, kwani damu itaiosha. Wakati wa dozi ni vyema mkapumzika tendo la ndoa, na wanaotumia kondomu wajue kwamba mafuta yaliyomo katika dawa hizi huidhoofisha mipira yake, hivyo isitegemewe mpaka zipite kama siku 5 baada ya kumaliza.

Unaponunua, taka boksi zima, lisome jina, kiwango na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ununue mahali palipo na kibali. Nyumbani usiiweke dawa dirishani wala juu ya kabati la bati linalopigwa na jua. Joto letu la pwani huvilainisha vidonge hivi, na maboksi mengi yameandikwa viwekwe mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30. Ukishuku dawa kwa rangi yake, harufu yake au maandishi yake, usiitupe. Irudishe dukani na taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kazi yake ni hiyo.

Kuhusu shabu na kitunguu swaumu, nasema kwa heshima zote kwa jirani yako: hapana. Shabu hukausha na kukaza, na ngozi laini ya ukeni ikikauka hupasuka michubuko usiyoiona, ambayo ndiyo njia nyepesi ya maambukizi mengine. Kitunguu swaumu huunguza. Vivyo hivyo ndimu, maji ya chumvi, dawa za kuulia vijidudu vya chooni na sabuni za manukato. Nimesikia wanawake wa pwani wakilaumiwa kwamba makungwi ndio waliowafundisha kujiosha ndani, na lawama hiyo naiona si ya haki, kwa sababu makungwi wengi niliowajua walifundisha unadhifu wa nje, kujikausha, na kubadili nguo mbichi mapema. Lakini awe aliyekufundisha ni nani, kule kukimbilia bafuni na kujiosha hadi ndani kila baada ya tendo kunazidi kuwafukuza wale bakteria wema, na shombo hurudi ikiwa imezidi. Osha nje kwa maji, jikaushe kuanzia mbele kwenda nyuma, vaa chupi za pamba zilizokauka juani. Udi fukiza nguo na chumba, si mwili wako kwa ndani.

Mume wako nina neno naye, na ukipenda msomee kipande hiki. Baba, fangasi ukeni kwa kawaida hahesabiwi kuwa maradhi ya zinaa. Humpata bikira, humpata mjane, humpata mwanamke ambaye mume wake amesafiri mwaka mzima, na antibaiotiki ya jino peke yake inatosha kuyaanzisha. Kumwuliza mkeo ameyatoa wapi ni kumbebesha tuhuma ambayo maradhi yenyewe hayaishuhudii. Nawe, mwanangu, usimtuhumu yeye kabla ya majibu. Kwa fangasi mume hatibiwi ila akiwa anawashwa au ana wekundu kwenye kichwa cha uume, na hapo krimu ya kupaka humtosha mara nyingi. Ikigundulika kwamba ni trikomona mambo ni mengine: mtameza dawa nyote, mtajizuia mpaka nyote mmemaliza na dalili zimekwisha, na hapo mtahitaji mazungumzo ya kweli ndani ya nyumba, ingawa hata trikomona inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, hivyo kuonekana leo si ushahidi wa kilichofanyika wiki iliyopita. Mwambie mfuatane kituoni. Mwanamume anayeingia na mkewe kwa mganga hujifunza kwa nusu saa yale ambayo ugomvi wa mwezi mzima hauwezi kumfundisha.

Kuhusu Ramadhani, umeuliza jambo ambalo wengi huona haya kuliuliza, wakaacha dawa katikati. Wanazuoni wamehitilafiana: wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, huhesabu kwamba kuingiza kitu ukeni mchana hubatilisha funga, na wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoona kwamba dawa ya namna hii haiibatilishi. Kwa bahati njema dawa zenyewe ni za usiku. Weka kidonge baada ya tarawehe unapokwenda kulala, alfajiri itakukuta kimekwisha kuyeyuka kwa sehemu kubwa, na hakuna dozi itakayokulazimisha kuweka kingine mchana. Kuhusu mabaki yanayotoka mchana na udhu wako, muulize sheikh wenu au ustadhati unayemwamini. Hilo ni la kwao, nami sitalivamia. Ila kama kipimo kitaonyesha ujauzito, waulize wote wawili, mkunga na sheikh, kuhusu funga yenyewe.

Usingojee siku uliyopanga kwenda kituoni endapo utapata homa, maumivu ya tumbo la chini, vidonda sehemu za siri, au damu isiyo ya hedhi. Hayo hupelekwa siku hiyo hiyo, na damu pamoja na maumivu kwa mwanamke ambaye hedhi yake imechelewa ni jambo la dharura hata kama ni usiku. Ukiwa huna dalili hizo, nenda wiki hii asubuhi. Siku mbili kabla usiweke dawa yoyote ukeni, usijioshe ndani na msikutane, ili ute utakaochukuliwa uonyeshe hali halisi. Chukua maboksi yote mawili, hata yakiwa matupu, pamoja na kile kidonge cha rafiki yako na jina la antibaiotiki uliyopewa ulipoumwa jino, na umweleze mtoa huduma ni usiku mingapi uliweka dawa kila mara ulipoanza.